Montgomery Atwater, aliyeipiga theluji kwa mzinga

Sisi tunayajua maporomoko ya udongo. Kwenye nchi za baridi huporomoka theluji, na humfukia mtu kwa sekunde chache tu. Leo tunamkumbuka Mmarekani aliyepambana nayo.

Montgomery Atwater alizaliwa mwaka 1904. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikwenda Alta, jimbo la Utah, mji wa zamani wa machimbo ya fedha ambako theluji iliwahi kuua wachimbaji wengi. Kazi yake ilikuwa kuwalinda watu waliokuja kuteleza kwa ski.

Alipima theluji mpya, upepo na baridi ili ajue hatari inakuja lini. Ikija, njia zilifungwa, kisha mzinga wa jeshi uliiangusha theluji mapema, chini kukiwa hakuna mtu. Mwaka 1960 alisimamia usalama huo kwenye Olimpiki ya Squaw Valley, California.

Mwaka 1968 John Lawton alibuni redio ndogo ya kuvaa mwilini. Ukifukiwa, wenzako hufuata mawimbi yake hadi ulipo, wakakuchimbua kabla pumzi haijakatika. Atwater alifariki mwaka 1976. Mpaka leo wapanda theluji hubeba redio hiyo, koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Lakini somo lake bado ndilo la kwanza: usome mlima kabla hujaupanda.