Dmitri Mendeleev, mwanakemia aliyeacha nafasi tupu kwenye jedwali

Dmitri Ivanovich Mendeleev alizaliwa mwezi Februari mwaka 1834 katika mji wa Tobolsk, Siberia, akiwa kitinda mimba wa familia kubwa. Baba yake, Ivan, aliyekuwa mkuu wa shule, alipofuka Dmitri akiwa bado mchanga, akapoteza kazi. Mzigo wa malezi ukamwangukia mama, Maria, aliyeshika usimamizi wa kiwanda cha vioo cha ukoo wake. Mwaka 1847 baba alifariki dunia, na muda si mrefu kiwanda nacho kikateketea kwa moto.

Maria hakukata tamaa. Alifunga safari ndefu na kijana wake hadi Moscow kumtafutia nafasi ya chuo, lakini huko wakakataliwa. Wakaendelea hadi Saint Petersburg, na mwaka 1850 Dmitri akapokewa katika taasisi ya ualimu ambako baba yake pia alisoma. Mwaka huohuo, mama huyo aliaga dunia.

Kijana alihitimu, akafundisha, kisha akapelekwa Ujerumani kuendeleza utafiti. Mwaka 1860 alihudhuria mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe. Wakati huo wataalamu hawakuafikiana kuhusu uzito wa atomi, yaani chembe ndogo kabisa ambayo kila elementi imeundwa nayo. Stanislao Cannizzaro wa Italia aliwaonyesha njia moja ya kuukokotoa, na Mendeleev akarudi nyumbani na vipimo vya kuaminika.

Mwaka 1867 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Saint Petersburg. Kwa kuwa hakuridhika na vitabu vya kufundishia, aliamua kuandika chake mwenyewe. Hapo akakabiliwa na swali: elementi 63 zilizojulikana zipangwe kwa utaratibu gani? Alizipanga kwa kufuata uzito wa atomi, kuanzia nyepesi hadi nzito, akaona kuwa tabia zake hujirudia kwa zamu. Lithiamu, sodiamu na potasiamu, kwa mfano, ni metali laini ambazo huungana upesi na maji. Katika mpango wake zikaangukia kundi moja. Jedwali hilo lilichapishwa mwaka 1869.

Hakuwa peke yake katika wazo hilo. Lothar Meyer wa Ujerumani alifikia mpango unaofanana na wake. Lakini Mendeleev alithubutu zaidi. Pale ambapo hakuna elementi iliyofaa, hakulazimisha. Aliacha nafasi tupu. Mwaka 1871 alieleza kwa kina elementi tatu ambazo hakuna aliyewahi kuziona, akataja uzito na tabia zake. Kama zisingepatikana, heshima yake ingeporomoka.

Mwaka 1875 Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran wa Ufaransa aligundua galiamu, akatangaza kuwa msongamano wake ni 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa ameiona metali hiyo hata kwa jicho, alimwandikia kwamba kipimo hicho kina kasoro na kwamba jibu lapaswa kukaribia 5.9. Mfaransa huyo akaisafisha sampuli yake, akapima upya, akapata 5.9. Skandiamu ilifuata mwaka 1879 nchini Sweden, na jerimaniamu mwaka 1886 nchini Ujerumani. Nafasi zote tatu zikajazwa.

Hata hivyo, mwenye jedwali hakujua kwa nini linafanya kazi. Hakukubali kwamba atomi ina chembe nyingine ndogo ndani yake. Aidha, teluriamu ilikuwa nzito kuliko iodini, ilhali tabia zake zilidai itangulie. Yeye aliamini kwamba waliopima wamekosea. Ni mwaka 1913 ndipo Mwingereza Henry Moseley alipoonyesha kwa eksirei kuwa kinachopanga elementi si uzito, bali chaji ya kiini, inayolingana na idadi ya protoni. Kwa hesabu hiyo, teluriamu ni ya 52 na iodini ya 53. Mendeleev aliziweka mahali pake, ingawa sababu aliyoitoa haikuwa sahihi.

Mwaka 1890 aliacha chuo kikuu baada ya kupeleka malalamiko ya wanafunzi kwa waziri, ambaye aliyakataa. Miaka mitatu baadaye akakabidhiwa uongozi wa ofisi ya vipimo na mizani ya Urusi. Mwaka 1906 kamati ilimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, lakini tuzo ikaenda kwa Henri Moissan wa Ufaransa. Mendeleev alifariki dunia mwezi Februari mwaka 1907.

Mwaka 1955, Marekani na Muungano wa Kisovieti zikiwa katika uhasama mkubwa, wanasayansi wa Berkeley, California, walitengeneza elementi ya 101. Wakaiita mendeleviamu, kwa heshima ya Mrusi huyo. Leo jedwali lina elementi 118, na jina lake limo miongoni mwake.