Gary Kildall na Kompyuta ya Dada Iliyogoma Kuwaka

Umeme ulikatika saa 3 usiku, mstari wa kuandika BIOS ukiwa haujafika hata nusu. Ulirudi baada ya dakika 10. Kompyuta haikurudi.

Ilikuwa kompyuta ya mezani ya dada mmoja wa mwaka wa mwisho, mashine ya mtumba aliyoinunua kwa bumu la mwaka wa kwanza. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilikuwa nimepata Kariakoo prosesa ya Intel ya kizazi cha 3 kwa bei ya kutupa. Yake ilikuwa ya kizazi cha 2. Mazabodi nyingi za umri ule zinaikubali prosesa hiyo, ila sharti kwanza uandike upya BIOS, ile programu ndogo inayokaa kwenye chipu na kuamsha mashine kabla Windows haijafikiwa. UPS sikuwa nayo, na nilijua kabisa kwamba inatakiwa. Nikamwambia dada ni dakika 3 tu. Zilikuwa zimebaki siku 9 akabidhi mradi wake wa mwisho, na mradi wote ulikuwa humo ndani.

Feni ilizunguka sekunde kadhaa, ikazima, ikaanza tena. Kioo cheusi. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa ile betri ya duara ya CR2032, nikahamisha kijumper cha kufuta mipangilio, nikasubiri. Wapi. Baadaye ndo nikaelewa kwa nini: betri na kijumper vinafuta mipangilio tu, yaani saa, tarehe na diski ipi ianze. Programu yenyewe ya BIOS iko kwenye chipu nyingine ambayo haitegemei betri. Nikatoa RAM zote nikawasha, nikisikilizia. Mashine yenye BIOS hai na spika yake ndogo ikikosa RAM inalia mlio wa kulalamika. Hii ya kwetu ilikaa kimya. Maana yake hata mstari wa kwanza wa programu haukuwa unasomwa. Mazabodi nyingine zina kipande kidogo cha akiba kinachoweza kusoma BIOS mpya kutoka kwenye flashi; nikajaribu hilo pia mpaka saa 7 usiku, taa ya flashi haikupepesa hata mara moja.

Asubuhi nikafungua diski, nikaipeleka chumba cha jirani, nikaichomeka kwenye mashine yake. Mradi wa dada ukafunguka mzima, hadi ukurasa wa shukrani. Dada akashusha pumzi, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu aliyekuwa na haki ya kunitukana: inakuwaje mashine imekufa kabisa lakini kila kitu kilichomo ni kizima, na kinafunguka kwenye mashine ya kampuni nyingine?

Fundi niliyemtegemea alikuwa na kifaa cha kuandikia chipu, ila alikuwa amekiazimisha hadi kesho yake. Kwa hiyo nilikuwa na siku nzima ya kumjibu dada, na jibu lina jina la mtu: Gary Kildall.

Alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei 1942, kwenye familia ya mabaharia. Babu yake alianzisha shule ya unahodha, baba yake akaiendeleza, na Gary mwenyewe alifundisha humo akiwa kijana. Aliingia University of Washington kwa lengo la kuwa mwalimu wa hisabati. Kompyuta zikamteka njiani, akaishia na shahada ya uzamivu mwaka 1972. Enzi hizo za vita ya Vietnam kijana wa Marekani hakuwa huru na jeshi. Yeye alitimiza wajibu wake kwa kufundisha Naval Postgraduate School, chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California. Nasisitiza hapa kwa sababu tumezoeshwa hadithi za vijana walioacha chuo wakatajirika. Huyu alimaliza, na alikuwa mhadhiri.

Mwaka 1971 Intel walitoa chipu yao ya 4004. Wengi waliiona kama kitu cha kutia kwenye vikokotoo na taa za barabarani. Kildall alinunua moja, akaanza kuiandikia hesabu, zikiwemo zile za pembe ambazo mabaharia wa shule ya baba yake walizifanya kwa mkono. Muda si mrefu akawa anakwenda Intel kama mshauri, siku moja kwa wiki, na akawatengenezea lugha ya programu iliyoitwa PL/M.

Sasa njoo kwenye sehemu iliyonifariji mimi niliyekuwa na mashine iliyokufa. Kildall alipewa na kampuni ya Shugart kiendesha flopi kilichokwishachoka kwa majaribio. Kilikuja kitupu, bila saketi ya kukiunganisha na kompyuta. Akajaribu kuiunda mwenyewe. Alikuwa bingwa wa programu lakini kwenye waya na solda bwana hakuwa mtu wa kutegemewa, na kitu kikakaa ofisini bila kazi muda mrefu. Mwishowe akamwita rafiki yake waliyefahamiana University of Washington, John Torode, ambaye ndiye aliyeunda saketi. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Pacific Grove jirani na Monterey, flopi ikasomwa na mfumo endeshi wa Kildall ukaamka juu yake. Aliuita CP/M. Aliwapa Intel wauchukue. Wao wakataka PL/M tu. Basi yeye na mkewe, Dorothy McEwen, wakafungua kampuni yao, Intergalactic Digital Research, jina ambalo baadaye walilifupisha likawa Digital Research. Dorothy ndiye aliyeshika biashara, na bila yeye nadhani CP/M ingebaki kuwa somo la darasani.

Tatizo likawa wateja. Miaka ile kila kampuni iliyotengeneza kompyuta ndogo ilikuwa na aina yake ya diski, kibodi na kioo, na kila mmoja alitaka CP/M ifanye kazi kwake. Kildall akawa anachokonoa mfumo mzima upya kwa kila mashine. Ilipofika zamu ya kampuni iitwayo IMSAI, katikati ya miaka ya 1970, akachoka. Akakusanya kila mstari uliotegemea vifaa vya mashine fulani, akauweka kwenye kipande kimoja kidogo pembeni, na kukipa jina BIOS, herufi nne zinazosimama badala ya mfumo wa msingi wa kuingiza na kutoa data. Sehemu yote iliyobaki haikuguswa tena. Ukija na mashine mpya, unaandika BIOS yako tu, kurasa chache, na programu zote zilizokwisha kuandikwa duniani kwa CP/M zinakubali.

Nilimwelezea dada hivi: mgeni akija kijijini hahitaji kujua kila kichochoro, anahitaji mwenyeji mmoja. Windows na mradi wako ni wageni. Mwenyeji ndiye niliyemuua jana usiku. Wageni ni wazima, ndiyo maana walipopelekwa kwa jirani mwenye mwenyeji wake waliingia ndani na kukaa. Dada akasema mfano ni mzuri ila bado mwenyeji wake amekufa. Nikanyamaza.

CP/M ikaenea kwenye mamia ya aina za kompyuta, na wale wawili wa Pacific Grove wakawa matajiri. Kildall alipenda kurusha ndege, na hilo ndilo lililomharibia jina. Mwaka 1980 IBM walikuwa wanatengeneza kompyuta yao binafsi na walihitaji mfumo endeshi. Walianza kwa Microsoft, na Bill Gates akawaelekeza kwa Kildall. Siku walipofika, Kildall alikuwa amerusha ndege kwenda kumpelekea mteja kazi. Dorothy, kwa ushauri wa mwanasheria, alisita kusaini mkataba wa usiri wa IBM uliokuwa mkali upande mmoja. Makubaliano hayakupatikana. IBM wakarudi kwa Microsoft, na Microsoft wakanunua mfumo kutoka kampuni ndogo ya Seattle, mji aliozaliwa Kildall, mfumo uliokuwa umeandikwa kufuata namna CP/M inavyoitwa na programu zake. Huo ndio uliokuwa MS-DOS. Kildall alipolalamika, IBM walikubali kuuza na CP/M pia, lakini dukani PC DOS ilikuwa dola 40 na CP/M-86 dola 240. Mwanachuo gani angelipa 240?

Dunia ikaifupisha hadithi: mtu aliyekwenda kuchezea ndege siku IBM wanabisha hodi. Mimi naona ni uonevu. Alikwenda kazini, na mwenye kusita kusaini mkataba asiouelewa vizuri tungemsifu kama angekuwa mzazi wetu. Hata hivyo simtakasi: kampuni iliyomiliki soko ilipaswa kuhangaika zaidi na mteja mkubwa kuliko wote.

Hakukaa kulia. Kuanzia 1983 alishirikiana na Stewart Cheifet kuendesha kipindi cha televisheni, Computer Chronicles, akiwafafanulia watu wa kawaida mashine hizi kwa upole wa mwalimu. Mwaka 1985 kampuni yake nyingine ilisaidia kuiweka ensaiklopidia ya Grolier kwenye CD-ROM, wakati wengi hawajaiona CD yenye maandishi. Digital Research ikauzwa kwa Novell mwaka 1991. Mwaka uliofuata University of Washington waliadhimisha miaka 25 ya idara yao ya kompyuta. Kildall alialikwa kama mhitimu, na mzungumzaji mkuu akawa Bill Gates, ambaye hakusoma hapo. Iliuma. Akaandika kumbukumbu zake, akawagawia marafiki na ndugu bila kuzichapisha. Julai 1994 aliumia kichwa akiwa baa moja mjini Monterey, na siku 3 baadaye, tarehe 11, akafariki. Alikuwa na miaka 52. Amezikwa Seattle.

Neno lake lilikuwa limeshahama mikononi mwake. BIOS ya Kildall iliishi kwenye flopi. Ukiiharibu, unachukua flopi nyingine. IBM waliichoma yao kwenye chipu isiyofutika. Baadaye, miaka ya 1990, watengenezaji wakahamia chipu zinazoandikika upya, ili makosa yarekebishwe bila kubadilisha chipu. Hapo ndipo mtu kama mimi alipopata uwezo wa kuua mashine nzima bila bisibisi. Kitaalamu hata BIOS ya mashine ya dada ni ya kizazi kingine, UEFI, lakini nenda kwa fundi yeyote umtajie UEFI uone atakavyokutazama.

Kesho yake kifaa kikapatikana, CH341A, kidogo kama flashi. Bahati yetu, chipu ya BIOS ilikuwa ya miguu 8 na imekaa kwenye soketi, haikusolidiwa. Nikapiga picha upande wenye nukta ili nisije nikairudisha kinyume, nikaing'oa taratibu. Fundi alinionya jambo moja: baadhi ya CH341A hupeleka volti 5 kwenye miguu ya data ilhali chipu hizi zinataka 3.3, chake alikuwa amekirekebisha. Tukasoma chipu mara 2 na kulinganisha. Zikifanana, mguso ni mzuri. Zikitofautiana, usiandike kitu. Zilifanana, nikahifadhi ile nakala mbovu, maana namba ya kadi ya mtandao hukaa humo humo kwenye mazabodi nyingi na tungeihitaji.

Faili tuliloshusha lilikuwa na baiti 8,390,656, na chipu inabeba 8,388,608. Zilizidi 2,048. Hapo nilitaka kulazimisha tu. Fundi akanishika mkono. Baiti hizo za mwanzo ni kichwa cha faili kinachosomwa na programu ya kusasishia, siyo sehemu ya BIOS. Tukazikata, tukahamishia namba ya kadi kutoka nakala ya zamani, tukaandika, tukahakiki. Ilichukua dakika chache. Safari hii tulitumia laptopu ya fundi yenye betri iliyojaa.

Nikarudisha chipu, nukta upande wake, nikaweka RAM na ile prosesa ya kizazi cha 3. Dada alisimama mlangoni, mikono kifuani. Feni ikazunguka, ikatulia, mlio mmoja mfupi ukasikika, na kioo kikawaka kikilalamika kwamba mipangilio imepotea. Nikaingia kwenye BIOS. Saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Nikaiweka sawa, nikahifadhi, na dada akanisogeza kwenye kiti ili aendelee na sura ya 4.