Arne Larsson, mtu wa kwanza kuishi na pesimeka mwilini

Mkaaji wa Mavivi, kaskazini mwa mji wa Beni, anayekwenda shambani kwa miguu ama kusukuma chukudu iliyojaa ndizi, hahesabu mapigo ya moyo wake. Moyo wenyewe huongeza kasi anapopanda kilima na kuipunguza anapopumzika. Arne Larsson, raia wa Uswidi aliyezaliwa mwaka 1915, alinyimwa uwezo huo akiwa bado na nguvu za kazi.

Ugonjwa uliharibu njia inayopitisha umeme wa moyo kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Alikuwa akizimia mara 20 hadi 30 kwa siku. Mkewe, Else-Marie, hakukubali kungoja kifo. Aliwaendea daktari mpasuaji Åke Senning na mvumbuzi Rune Elmqvist, waliokuwa wakijaribu kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kwa wanyama, akawasihi wamtengenezee mumewe kimoja.

Elmqvist alitumia kikopo cha sirage ya viatu ya Kiwi kama kalibu, akafunika humo betri na transista kwa gundi ngumu. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska karibu na Stockholm, Senning alikiweka chini ya ngozi ya tumbo la Larsson, aliyekuwa na umri wa miaka 43. Kilifanya kazi saa chache tu, kikawekwa kingine.

Pesimeka za wakati ule zilipiga kwa kasi moja, mtu akiwa amelala ama akipanda ngazi. Ni katika miaka ya 1980 ndipo zilienea zile zinazotambua mwendo wa mwili na kuongeza mapigo.

Lakini kasi peke yake haitoshi. Vyumba vya juu vikikaza, vya chini hungoja kati ya sekunde 0.12 na 0.20 ili vijae damu. Mtu akitembea haraka, muda huo hufupika. Baadhi ya wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vema huwekewa pesimeka inayokaza pande mbili za moyo kwa pamoja, iliyoanza kutumiwa miaka ya 1990. Muda ukiachwa mrefu, mgonjwa akipanda kilima, umeme wa moyo wenyewe hutangulia kifaa, na pande hizo hazikazi tena pamoja. Ukiwa mfupi mno, vyumba vya chini hukaza kabla ya kujaa.

Kwa sababu hiyo, kumpima mgonjwa kitandani pekee kunaweza kuficha tatizo linaloonekana akitembea. Madaktari hubadili muda huo kwa mashine maalumu, bila kupasua tena. Mwenye pesimeka anayekosa pumzi njiani amweleze daktari wake: pengine ugonjwa haujazidi, ni kifaa kinachohitaji kurekebishwa.

Larsson alirudi kazini, akasafiri, akawa mtetezi wa wagonjwa wenzake. Maishani mwake alitumia vifaa 26. Elmqvist alifariki mwaka 1996, Senning mwaka 2000. Mgonjwa wao alifariki tarehe 28 Desemba 2001, akiwa na umri wa miaka 86. Kilichomuua ni kansa ya ngozi.