Mfalme Kasyapa na Jabali la Simba

Hapo kale katika kisiwa cha Sri Lanka, kusini ya Bara Hindi, alikuwako mfalme jina lake Dhatusena, akikaa katika mji wa Anuradhapura. Alijenga mabwawa ya kunyweshea mashamba, na moja, Kala Wewa, lingaliko hata leo. Alikuwa na wana wawili: Kasyapa, mwana wa suria, na Moggallana, mwana wa malkia, ambaye ndiye aliyestahili kurithi.

Jemadari wa jeshi, Migara, alikuwa na kisasi juu ya mfalme, kwa kuwa mfalme alimwua mama yake. Akamchochea Kasyapa, nao wakautwaa ufalme yapata mwaka 477. Kitabu cha kale cha habari za wafalme chasimulia kwamba Kasyapa alimtaka babaye hazina zake. Mzee akaomba apelekwe Kala Wewa. Akaoga, akanywa maji, akaonyesha kwamba hayo ndiyo mali yake yote. Kasyapa akaghadhibika, akaamuru afungiwe ndani ya ukuta angali hai.

Moggallana alikuwa amekimbilia Bara Hindi. Kasyapa hakupata raha, maana alijua ya kuwa ndugu yake atarudi. Basi akauacha mji wa babaye, akahamia Sigiriya, yaani Jabali la Simba. Ni mwamba mmoja uliosimama peke yake msituni, wapata mita 200 kwenda juu. Kileleni akajenga kasri, na mabirika yakachongwa mwambani. Chini akazungusha kuta na mahandaki. Ngazi ilipita kati ya miguu ya simba mkubwa wa matofali. Siku hizi makucha tu yamesalia. Lakini jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu mwenye hofu alipamba jabali kwa picha za wanawake wazuri, akatengeneza na bustani zenye chemchemi, ambazo hata sasa hurusha maji wakati wa mvua.

Mwaka 495 Moggallana akarudi na jeshi. Kasyapa hakungoja juu ya ngome yake, bali alishuka uwandani kupigana. Vita vilipopamba moto, ndovu wake akafika penye kinamasi, naye akamgeuza atafute njia nyingine. Askari wakadhani mfalme anakimbia, wakatawanyika wote. Kasyapa, alipojiona yu peke yake, akachomoa kisu akajiua.

Moggallana akauteketeza mwili wa nduguye kwa moto, akaurudisha ufalme Anuradhapura, na lile jabali akawapa watawa wa Kibudha.