Arthur Holmes, Aliyeyauliza Mawe Umri Wake

Mtoto wa Meru au Embu hufundishwa mapema kwamba Mlima Kenya ulikuwa volkano. Ni kweli, ila mlima huo ni kijana: ulifoka yapata miaka milioni 3 iliyopita. Ateremkaye kutoka mashamba ya majani chai hadi Mbeere na Tharaka huikuta miamba ya asili nyingine kabisa, migumu, yenye mistari myeupe na myeusi, ambayo lava haikuifunika. Ukanda wa miamba hiyo ulipewa jina na Mwingereza Arthur Holmes, ambaye, kwa maoni yangu, walimu wetu wamemsahau mno.

Holmes alizaliwa Gateshead mwaka 1890. Urani iliyomo ndani ya jiwe hugeuka risasi kwa kasi isiyobadilika. Basi apimaye vitu viwili hivyo ataujua umri wa jiwe. Mwaka 1911, angali kijana, Holmes alitangaza kwamba jiwe moja la Norway lilikuwa na miaka milioni 370. Mwaka huohuo, kwa kukosa fedha, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Utajiri hakuupata. Alipata malaria kali hata habari za kifo chake zikatumwa kwao, naye yu hai!

Mikosi haikumwacha. Huko Burma kampuni ya mafuta iliyomwajiri ilifilisika, na mwanawe mdogo akafa. Alirejea mikono mitupu, akawa muuza duka kabla ya Chuo Kikuu cha Durham kumwajiri mwaka 1924. Wakati wataalamu wengi walipoicheka fikra ya mabara kusogea, yeye alieleza kwamba joto la chini huizungusha miamba polepole, mfano wa uji chunguni, na kuyasukuma mabara.

Mwaka 1951 ndipo alipouchora Ukanda wa Msumbiji, upitao Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Alifariki mwaka 1965. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya ukanda huo iligeuzwa kwa joto na mgandamizo kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande vya nchi kavu vilipogongana na kuunda bara kuu la Gondwana. Bara hilo lilianza kupasuka yapata miaka milioni 180 iliyopita. Apitaye Kiambere leo hukanyaga mizizi ya milima iliyokwisha kulika, na Madagaska, iliyokuwa imeshikamana nasi, iko ng'ambo ya bahari.