Vivian Fuchs: Kutoka Ziwa Turkana Hadi Bara la Barafu

Mtu akitoka katikati ya mji wa Nairobi akashika njia ya magharibi, akaipita Karen na kupanda Ngong, atafika pahala ambapo ardhi yadidimia mbele ya macho yake. Hilo ndilo Bonde la Ufa. Bonde hilo na maziwa yake ndilo lililomleta kwetu kijana mmoja wa Kiingereza, ambaye baadaye alikuja kusifika kwa nchi isiyo na mti wala mji, nchi ya barafu tupu iliyo kusini kabisa mwa dunia. Jina lake Vivian Fuchs.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1908 katika Kisiwa cha Wight, baba yake Mjerumani na mama yake Mwingereza. Alisoma elimu ya miamba Cambridge, na mwaka 1929 mwalimu wake, James Wordie, alimchukua Greenland akaionja baridi ya kaskazini. Mwaka uliofuata alikuja Afrika ya Mashariki pamoja na Barton Worthington, bingwa wa samaki, kuyachunguza maziwa yetu. Mwaka 1931 akafuatana na Louis Leakey katika msafara uliotoka Nairobi kwenda Olduvai, Tanganyika.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 26, alipewa uongozi wa msafara wake mwenyewe kwenda Ziwa Rudolf, ambalo tangu mwaka 1975 laitwa Turkana. Sisi watu wa pwani twaijua kusi, lakini upepo unaoteremka Mlima Kulal na kulipiga ziwa lile ni mwingine: huja bila ya hodi, na hugeuza maji matulivu kuwa milima. Mwishoni mwa Julai wenziwe wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini kukipima. Siku ya kurejea ikafika, ikapita. Walitafutwa, wasionekane tena. Ni msiba mzito kwa kiongozi yeyote kurudi na watu pungufu ya aliotoka nao.

Baada ya hapo alifanya kazi Ziwa Rukwa, vita vikaja, akaingia jeshini. Vita vilipokwisha, serikali ya Uingereza ikamteua mwaka 1947 kuongoza vituo vyake vya utafiti katika Bara la Barafu. Alikaa Kisiwa cha Stonington, na mwaka 1949 bahari ikaganda hata meli ya kuwachukua ikashindwa kufika. Watu 11 wakalazimika kukaa mwaka mwingine.

Mwaka huo haukupotea bure. Chini ya uongozi wake, Bernard Stonehouse alikwenda na wenziwe visiwa vya Dion kuwaangalia pengwini wa aina kubwa kuliko zote. Ndege hawa hawaruki, na huzaa katikati ya kipupwe, katika giza na baridi isiyosemeka. Jike hutaga yai moja, kisha huenda baharini. Dume hulishika juu ya miguu yake, akalifunika kwa ngozi ya tumbo, akakaa kama miezi miwili bila ya kula. Stonehouse aliwahesabu na kuandika mwenendo wao wote.

Dunia ilimjua Fuchs zaidi mwaka 1958. Alilivuka Bara la Barafu kutoka pwani hadi pwani, kupitia Ncha ya Kusini, kwa magari ya minyororo: siku 99, mwendo wa kilomita zipatazo 3,470. Njiani walikuwa wakilipua baruti na kusikiliza mwangwi wake ili wajue unene wa barafu. Safari hii hakupoteza mtu hata mmoja. Malkia akampa cheo cha Sir.

Hata hivyo, kazi yake kubwa ilikuwa ile isiyopigiwa ngoma. Hadi mwaka 1973 aliiongoza idara ya Uingereza ya uchunguzi wa bara hilo, na vijana wake wakapima hewa, bahari na viumbe mwaka hadi mwaka. Vipimo vya kituo cha Halley, vilivyoendelezwa bila ya kukatika, ndivyo vilivyodhihirisha mwaka 1985 kwamba tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mikali ya jua, limetoboka. Miale hiyo hudhuru hata mimea midogo mno ya baharini, chakula cha uduvi; na uduvi ni chakula cha nyangumi, sili na pengwini. Mataifa yakapatana Montreal mwaka 1987 kuzizuia gesi zilizoleta balaa hilo, na ofisi inayosimamia mapatano hayo iko Gigiri, hapa hapa Nairobi.

Fuchs alifariki dunia tarehe 11 Novemba 1999, akiwa na miaka 91. Miaka kumi baadaye visiwa vya Dion vilichunguzwa tena, na pengwini wale hawakuwapo hata mmoja. Stonehouse, sasa mzee, alikuwa miongoni mwa walioitangaza tanzia hiyo mwaka 2011.

Ndugu msomaji, kilichotoweka hakijulikani kuwa kimetoweka ila kwa aliyekihesabu kingalipo. Wavuvi wetu wajua kwamba nguva wamekuwa adimu. Basi na tuandike tunachokiona leo, pamoja na tarehe yake, ili wajukuu wajue walichorithi na walichokosa.