Seymour Cray: Mzee wa kasi aliyepigana na joto maisha yake yote

Kama uko Kaaga na umejinunulia kompyuta ya mezani ya mtumba kule mjini Meru, huenda umeshasikia jamaa wakisema kwamba prosesa inaweza kufunguliwa ikimbie kuliko ilivyotoka kiwandani. Ovakloki, ndivyo wanavyoiita. Unaingia kwenye BIOS, unapandisha namba moja, unawasha upya, na mashine inapaa. Kabla hujaigusa hiyo namba, hebu umjue mzee mmoja Mmarekani ambaye alitafuta kasi kwa miaka zaidi ya 40 na akalipa bei yake yote.

Seymour Cray alizaliwa tarehe 28 Septemba 1925 huko Chippewa Falls, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin. Babake alikuwa mhandisi wa ujenzi, tena wa wale wasiomfokea mtoto akichezea waya. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi, kijana akaunda kidude cha kusoma karatasi yenye matundu na kuigeuza kuwa milio ya Morse. Vita vya Pili vya Dunia vikamchukua, akawa mtu wa redio jeshini. Aliporudi alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1951 akaongeza digrii ya pili ya hisabati.

Mwaka 1964, akiwa na kampuni ya Control Data, kikosi chake kidogo kilitoa CDC 6600. Ilikuwa kompyuta yenye kasi kushinda zote duniani, na ilipiga megahezi 10, yaani mapigo milioni 10 kwa sekunde. Usicheke. IBM, jitu la enzi hizo lenye maelfu ya wahandisi, ilibaki imeduwaa.

Sasa, mapigo hayo ndiyo siri ya mambo yote. Prosesa hufanya kazi kwa mdundo, kama ngoma, na kila mdundo ni hatua moja. Ukiongeza mdundo, kazi inaenda haraka. Lakini umeme nao una safari. Katika nanosekunde 1 hata mwanga wenyewe husafiri kama sentimita 30 tu, na kwenye waya mwendo ni mdogo zaidi. Kwa hivyo Cray alilazimika kufupisha waya na kubananisha vipuri. Ukibananisha vipuri vinavyotumia stima nyingi unapata nini? Jiko. Ndiyo maana 6600 ilipozwa kwa freoni, ile ya kwenye friji. Mbele ya safari alijaribu kubananisha zaidi katika mashine iliyoitwa 8600, ikamshinda. Mwaka 1972 akaondoka, akaanzisha Cray Research.

Hapo nikurudishe mezani kwako kidogo. Prosesa nyingi za leo huanza na mdundo wa megahezi 100, halafu kuna kizidishi. Mara 36, unapata gigahezi 3.6. Kwa Intel, kizidishi kimefungwa isipokuwa jina la prosesa likiishia na herufi kama K, na bado unahitaji ubao unaoruhusu, mara nyingi wa aina ya Z. AMD Ryzen za mezani huja zikiwa wazi, ila ubao wa A320 utakukatalia. Mashine nyingi za mtumba zilizotoka maofisini zimefungwa pande zote mbili, kwa hivyo soma jina lote la prosesa kabla hujatoa pesa. Laptopu? Achana nayo.

Ukikuta imefunguka, panda hatua moja moja, ipe mashine kazi nzito kwa muda, tazama joto, ndipo upande tena. Hatari kubwa iko kwenye volteji. Joto hupanda sambamba na mdundo, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili: ongeza volteji asilimia 10, na joto linaongezeka kama asilimia 21. Baridi ya Julai ya Kaaga itakusaidia kiasi, lakini feni iliyojaa vumbi na pasti ya joto iliyokauka miaka 8 iliyopita hazijui habari za Julai. Na kama mashine hiyo ndiyo inayokulipia karo au kukuletea vibarua vya mtandaoni, piga hesabu mara mbili.

Turudi kwa mzee. Cray-1 ilifika maabara ya Los Alamos mwaka 1976. Megahezi 80. Ilijengwa kwa umbo la herufi C ili waya zikate kona fupi. Hakuna uliozidi mita 1.2 hivi. Ilikula kilowati zipatazo 115, na mabomba ya freoni yalipita ndani ya nguzo zake. Kwa maoni yangu ndiyo kompyuta nzuri zaidi kwa macho kuwahi kuundwa, hata viti vya kukalia ilikuwa navyo pembeni. Mwaka 1985 Cray-2 ikaja na jambo la kushangaza zaidi: vipuri vyake vilizamishwa kabisa kwenye kimiminika kisichopitisha umeme. Wale unaowaona kwenye video wakitumbukiza ubao wa kompyuta kwenye tangi, mzee aliwatangulia.

Halafu akaenda mbali mno. Kwa Cray-3 aliacha silikoni akachukua galiamu aseniki, ambayo ina kasi lakini ni ghali na ngumu kutengeneza. Alianzisha kampuni nyingine Colorado Springs mwaka 1989 kwa ajili hiyo. Mashine 1 tu ndiyo iliyofikishwa kwa mtumiaji, kituo cha utafiti wa anga cha NCAR, mwaka 1993. Machi 1995 kampuni ikafilisika.

Hakukaa kitako. Mwaka 1996, akiwa na miaka 70, alianzisha kampuni nyingine ya kuunganisha prosesa nyingi zifanye kazi pamoja, wazo alilolipinga kwa miaka. Tarehe 22 Septemba gari lake lilipata ajali barabarani Colorado Springs, na tarehe 5 Oktoba akafariki, siku chache baada ya kutimiza miaka 71. Prosesa iliyo mezani kwako, hata kama ni ya mtumba, huenda ina viini 4 vinavyogawana kazi.